Nilivyomfufua Ndugu Yangu Darasani

Jumatano, jioni. Joto limetukaanga tangu asubuhi, ziwa limetulia kama limepigwa pasi, na mwili wangu wote unauma kama nimepakua lori la saruji peke yangu. Kumbe nimekaa tu kwenye benchi ya watoto kwa kipindi kimoja.

Wacha niandike sasa hivi, kwa vidole gumba, kabla moyo haujapoa. Nikichelewa nitaanza kuipamba, na hii siipambi.

Mnaonifuata hapa mnanijua. (Mko kumi na wanne, na mmoja ni mimi nikijisoma.) Shule niliacha darasa la saba, lakini dunia niulize mimi. Nimekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya masafa marefu. Nimekula chapati Kampala, nimeng'olewa jino Juba, nimeposwa Goma na mwanamke mwenye maduka mawili, nikakataa kwa heshima. Napunguziwa bei kwa lugha saba. Siku hizi nachomelea vyuma hapa Nyalenda: milango, madirisha, malango ya wenye pesa. Ukiona lango limelegea bawaba, hilo si langu.

Na stori ninazo. Hizo ndizo zilizonirudisha shuleni.

Ilikuwa mwanzo wa muhula, nimeitwa shule ya msingi hapa chini kuunga madawati yaliyovunjika miguu. Wakati wa mapumziko watoto wakanizunguka, nami nikawapa ile ya mpaka wa Malaba na yule mbuzi. Mwalimu Nekesa akatoka kuangalia ni kelele gani. Yeye ni mtu wa Bungoma, mfupi, sauti ndogo, lakini husikii mtu akibishana naye. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza kama ninaweza kuja kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, nisimulie darasa la tano.

Niliuliza mara mbili kama ananijua mimi ni nani. Akasema anatafuta mtu mwenye hadithi, vyeti hahitaji.

Namna yake ya kufundisha sijawahi kuiona popote. Hadithi ikiisha, haulizi eti inatufunza nini. Anasema swali hilo huua hadithi ikiwa bado inapumua. Watoto wananyamaza kidogo, kisha kila mmoja anasema ni kitu gani kinamwasha, na mwalimu anaandika maswali ubaoni. Wanachagua moja, wanaliongea wenyewe, wanabishana, hata wanatusiana kidogo. Na msimulizi anakaa benchi moja nao, amefunga mdomo. Hajibu mpaka kila mtoto anayetaka kusema amesema. Hata swali likiwa ni lake.

"Ukijibu mapema, Fundi," aliniambia, "umewanyang'anya."

Kwangu mimi kufunga mdomo ni kazi ngumu kuliko kubeba saruji. Lakini wiki tatu nilijitahidi. Nikawa nyota. Nikipita mahali pa kuchota maji, watoto wananiita Fundi Stori, na mama zao wanageuka kutazama ni nani huyo. Sikatai, nilitembea polepole makusudi.

Halafu ikaja ile Jumatano ya yago. Wiki iliyopita.

Kwa nyinyi ambao si watu wa ziwa: yago ni mti wenye matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kama miguu ya mtu aliyekaa juu ya ukuta. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea majini na mwili usipatikane, watu wanatafuta, wanatafuta, mpaka wazee wanasema basi. Linaletwa tunda la yago. Linafunikwa shuka, linaliliwa, linazikwa mahali pake kama mtu. Ndiyo amezikwa. Hakuna mzaha hapo.

Mimi nikaweka mzaha.

Niliwasimulia mtu anaitwa Ochieng'. Amepotea na boti, wamezika yago, na siku ya matanga anatokea kupitia ua wa nyuma, hana habari. Anakuta sufuria zinachemka. Anakaa na wageni, anakula sahani mbili, anaona watu wanalia naye analia, halafu anamwuliza jirani kwa sauti ya chini nani amekufa. Na nikampa kikohozi. Kabla ya kila neno anakohoa mara mbili, khm-khm, kama pikipiki ya zamani inayokataa kuwaka. Darasa lilianguka. Kuna mmoja anaitwa Brayo, hana jino la mbele, yeye alianguka chini kabisa.

Ochieng' lilikuwa jina la ndugu yangu. Kikohozi kilikuwa chake pia. Boti ni ya kweli, na yago ni la kweli.

Ochieng' hakurudi.

Basi wakaanza kusema yanayowawasha. Nyuma, karibu na dirisha, kuna msichana anaitwa Awuor. Wiki zote tatu hakuwa amefungua mdomo. Akainua mkono. Akauliza kama mtu wa yago anaweza kurudi kweli.

Mwalimu Nekesa akageuka na chaki kuliandika swali. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Lakini darasa lilikuwa limewaka, kicheko kilikuwa bado kinaning'inia hewani, na mimi kicheko kikiwepo sijui kuondoka nacho kimya.

"Anarudi," nikasema. "Tena na njaa. Mimi nimemwona na macho haya."

Wakacheka wote, isipokuwa Awuor. Yeye alitabasamu polepole, kama mtu aliyepewa kitu akishike.

Lile tabasamu nilijivunia. Nilirudi kwenye kibanda changu nikawaambia mafundi wenzangu kwamba leo nimefungua mtoto bubu.

Mwalimu Nekesa simlaumu. Bungoma hawaziki tunda, alifikiri yago ni mzaha wangu kama yule mbuzi. Mimi nilijua. Mtu wa ziwa, anayesimama mbele ya watoto hamsini wa ziwa, hatoi hadithi ya yago kabla ya kuuliza ni nyumba ya nani imewahi kuzika moja. Hilo hata mlevi wa kwetu anajua.

Jumatatu hii mama yake Awuor akaja kibandani. Anafulia watu nguo, alikuja na karai lake kiunoni, mikono imekunjamana kwa maji. Nilimkaribisha na maneno yangu ya kawaida, nikamwuliza anataka lango la simba au la maua. Akangoja nimalize kucheka.

Akaniambia bwana yake alifanya kazi kwenye boti za kubeba mchanga. Alitoka mwaka juzi, hakuonekana. Walizika yago. Tangu hapo anafua nguo za watu, na sasa amepata kazi ya kupika kwenye hoteli ndogo Kombewa, karibu na hospitali, chumba cha kulala kimo, shule ya mtoto iko ng'ambo ya barabara. Walikuwa wahame Jumamosi iliyopita. Mkokoteni umeshapakiwa, godoro juu, sufuria ndani ya ndoo. Awuor akakaa kizingitini, akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili. Akasema yeye haendi. Baba akija atakuta watu asiowajua.

Majirani walibembeleza mpaka wakachoka. Mwishowe mama alishusha godoro mwenyewe. Mwenye hoteli amemngojea mpaka Jumamosi hii, baada ya hapo anachukua mtu mwingine.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga.

"Fundi," akasema, "mimi bwana yangu nilimzika mara moja, na tunda. Wewe umemfukua na mdomo. Sasa mzike wewe."

Akainua karai lake, akaenda.

Na kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Kile kikohozi watoto wamekichukua. Nyalenda nzima. Nyuma ya mabati, kwenye foleni ya mitungi ya maji, vichochoroni wakitoka shule, khm-khm. Miaka kumi na moja sijasikia sauti hiyo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifundisha mtaa. Nikiwa na kinyago cha kuchomelea usoni, cheche zinaruka, nasikia nyuma yangu, mara mbili, karibu kabisa. Nazima mashine. Nageuka. Ni mtoto anakimbia akicheka.

Jumatatu, baada ya mama yule kuondoka, nilikisikia tena, nikageuka, pakawa hakuna mtoto. Palikuwa na maji tu mlangoni, alama za nyayo za mtu aliyepita. Ni mtu alipita na mtungi unaovuja. Najua ni mtungi. Nawaambia najua.

Lakini sikuwasha tena mashine siku hiyo.

Leo nikaenda shuleni mapema. Nilimpata Mwalimu Nekesa kando ya ukuta wa ofisi, nikamweleza yote, ya yago, ya ndugu yangu, ya godoro. Nilitaka amwambie mtoto yeye, si amesoma, ana maneno ya kuwapa watoto. Akapangusa chaki vidoleni, kimoja kimoja. Nilifikiri ananikasirikia. Nadhani alikuwa anajikasirikia.

"Hapana, Fundi," akasema. "Hadithi ni yako. Ingia uimalize. Na leo ufunge mdomo mahali pa kufunga."

Nimevuka mipaka ambayo askari wake walikuwa watoto wenye bunduki. Ule mlango wa darasa niliupita mara mbili kabla ya kuingia.

Nikawaambia leo narudia ile ya Ochieng'. Wakashangilia. Nikaanza, bila sauti, bila mikono. Brayo akaona nimesahau, akanisaidia na kikohozi. Nikamwambia leo hakohoi.

Nikasema Ochieng' ni ndugu yangu mdogo. Alikuwa akifanya kazi Mbita. Siku hiyo feri ilimwacha, akapanda boti ndogo kuvuka kuja Luanda Kotieno. Boti ilipatikana. Watu wawili walipatikana. Yeye hakupatikana. Mama yetu alikaa ufuoni siku nne, hataki kuletewa hata kiti. Siku ya tano wazee wakaenda kuchuma yago. Basi. Ile ya kurudi na kula matanga niliongeza mimi.

Brayo ndiye wa kwanza kusema.

"Kwa hivyo ulitudanganya."

Nikasema ndiyo.

"Mtu mzima hivyo."

Jirani yake akamwambia anyamaze, yeye mwenyewe alisema mjomba wake ni rubani na kumbe anauza viazi. Mwalimu Nekesa akachukua chaki, akauliza ni kitu gani kinawawasha. Mmoja akataka kujua kwa nini wazike tunda na si hewa tu. Mwingine akauliza kama mama yangu alijua kwamba lile ni tunda. Halafu Brayo, bado amenuna, akauliza Ochieng' alikuwa anakwenda wapi.

Likaandikwa. Alikuwa anakwenda wapi. Maandishi ya mwalimu ni mazuri sana, makubwa, hata ukigeuza macho unayaona.

Wakachagua la tunda. Nami nikakaa kwenye benchi, magoti karibu na masikio, mdomo nimeufunga. Mmoja akasema tunda ni la kumdanganya marehemu asirudi kusumbua. Mwingine akakataa, akasema marehemu hadanganyiki, tunda ni la mama, apate mahali pa kwenda kulia. Brayo akasema nyanya yake huenda kwenye yago la babu kila Krismasi kugombana naye, anamwambia yote aliyomwachia, na akirudi anakula vizuri. Hapo wakacheka, lakini kidogo. Kuna mtoto mdogo mdogo, hata jina lake sijalishika, akasema hata mtu akirudi baadaye hamjakosea, mnamkaribisha tu na lile tunda mnaliacha. Nilitamani kumpa mkono. Sikumpa. Nilikuwa nimefungwa.

Halafu Awuor akasimama. Hakusema lolote kuhusu tunda. Alionyesha ubao.

"Sisi tumeshasema. Yeye ajibu lile la Brayo."

Mwalimu Nekesa akanitazama. Sheria ni sheria, kwa pande zote mbili.

"Alikuwa anakuja kwangu," nikasema.

Hapa nataka muelewe, kwa sababu mpaka leo sijawahi kuandika hili wala kulisema. Nilikuwa nimetoka Juba usiku uliotangulia. Nilikuwa na chumba cha kupanga sokoni Luanda Kotieno, nina redio mpya, nina mashati, nina stori hazijafunguliwa. Nikampigia simu. Akasema feri imeshamwacha, atakuja kesho. Nikamwambia asinichezee, kesho stori zitakuwa zimepoa, aje leo. Ndivyo nilivyosema. Nilitaka mtu wa kunicheka. Yeye ndiye aliyekuwa ananicheka vizuri kuliko wote.

Hayo nimeyasema leo mbele ya watoto wa darasa la tano. Mama yangu hajui mpaka sasa.

Na nikaendelea, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikawaambia sikwenda kuzika. Walipokuwa wanalilia yago nyumbani, mimi nilikuwa sokoni nawachekesha wauza samaki, nasema mimi silii tunda. Walicheka pia. Nilikuwa na uwezo huo.

Awuor alikuwa bado amesimama.

"Uliacha lini kumngoja?"

Nikafungua mdomo. Mdomo huu hauniangushi, mnaujua. Leo ulitoa neno moja tu.

"Sijaacha," nikasema.

Akatikisa kichwa kama daktari ambaye alikuwa anashuku ugonjwa huo tangu mwanzo.

"Na anakuja?"

"Haji, nyathina, mwanangu. Miaka kumi na moja. Haji."

Akakaa. Akaweka kichwa juu ya dawati, lile ambalo niliunga miguu mimi mwenyewe, na mgongo wake ukaanza kutingishika. Msichana aliyekaa kando yake akamwekea mkono begani. Hakuna aliyecheka, hata Brayo. Mwalimu Nekesa alikwenda akakaa sakafuni kando ya Awuor, na nguo zake safi, mpaka kengele ikalia.

Nilifikiri imeisha hapo. Nilirudi kibandani, nikakaa juu ya mtungi wa gesi mtupu.

Saa kumi na nusu hivi, Awuor akatokea na sare yake na begi. Mama yake alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na karai. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba lakini alikuwa mtulivu.

"Tunaenda Jumamosi," akasema.

Nikamwambia ni vizuri, Kombewa ni pazuri, nilishawahi kulala huko. Uongo mdogo, ulitoka wenyewe.

"Baba akikuja hapa, utamwambia tuko Kombewa?"

Nilishuka kwenye mtungi, nikachuchumaa, tukawa kimo kimoja. Nikamwambia Awuor, tumeongea leo. Haji.

"Najua," akasema. "Lakini akikuja."

Nikamtazama mama yake ng'ambo. Nilitaka anisaidie, atikise kichwa, ndiyo au hapana. Alikuwa anaangalia chini, anafuta karai ambalo lilikuwa limeshakauka.

"Nitamwambia," nikasema.

Hakuniamini, na ana haki. Akachukua ile chaki yangu ya kuwekea alama kwenye vyuma, akanipa, akaonyesha mlango. Nikaandika upande wa ndani: WAKO KOMBEWA KARIBU NA HOSPITALI. Akasoma. Akasema hapo hapajulikani ni kina nani. Nikaongeza juu: AWUOR NA MAMA. Akasoma mara ya pili, midomo ikicheza. Akaridhika. Akavuka barabara, mama akampokea begi, wakaenda bila kugeuka.

Sasa nimekaa nautazama huo mlango. Sijui kama nimemdanganya tena. Nimejaribu kuifikiria hivi na hivi. Nikisema nimemdanganya, mbona ameenda kufunga mizigo. Nikisema sikumdanganya, mbona siwezi kuyafuta hayo maandishi, hata nimehamisha vyuma vyangu visiyaguse.

Na kuna kitu kimenijia hapa nikikaa, sijui kwa nini hakijawahi kunijia kwa miaka yote hii. Mimi pia nilihama. Mwezi ule ule alipopotea Ochieng', nilifunga kile chumba cha sokoni Luanda Kotieno, nikachukua redio, nikaja mjini. Mwenye nyumba sikumwaga. Wauza samaki sikuwaambia. Kwenye mlango sikuandika kitu. Hakuna mtu kule anayejua niko Nyalenda.

Kwa hivyo akija, anagonga, anafungua mtu mwingine.

Najua haji.

Jumapili naenda nyumbani. Sijawahi kukanyaga upande ule wa boma walikozika yago, nitakanyaga. Nitamwelekeza Ochieng' ninapokaa, vizuri, kama mtu anavyomwelekeza mgeni. Halafu kuna mama, na ile simu asiyoijua.

Sijui nitaanza na nani.